Nywele zangu ndiyo kazi yangu, na dripu zinaanza mwezi ujao

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, na nina saluni ndogo hapa Moshi, upande wa Majengo. Ususi ndiyo kazi niliyoifanya tangu nimalize shule. Hiyo saluni ndiyo inayolipa ada za watoto na kodi ya nyumba pale kazi za mume wangu zinapoyumba, maana yeye ni fundi ujenzi.

Mwezi wa nane niliambiwa nina saratani ya titi la kushoto. Nimeshafanyiwa upasuaji, titi limetolewa pamoja na tezi za kwapani, na kidonda kimefunga vizuri. Sasa daktari ameniandikia dripu nane, moja kila baada ya wiki tatu. Nne za mwanzo ni zile nyekundu, nne za mwisho ni dawa nyingine. Natakiwa kuanza wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Nesi aliyenielekeza aliniambia bila kuficha kwamba nywele zitatoka zote.

Shangazi, habari ya kutolewa titi niliipokea nikiwa nimekaza moyo. Hii ya nywele ndiyo iliyoniliza, palepale kwenye benchi, mbele ya watu. Huu ni mwaka wa sita sijaweka dawa kichwani. Nywele zangu ni za asili, nzito, zinafika mabegani, na wateja wengi wananijia kwa sababu ya hizo nywele. Mtu anakaa kwenye kiti, ananyoosha kidole kichwani kwangu, anasema nataka zangu zifike hapo. Nani atakubali kusukwa na msusi mwenye kipara?

Halafu kuna Krismasi. Mume wangu ni mtu wa Rombo, na kama unavyojua, mwezi wa kumi na mbili ukoo mzima unapanda nyumbani. Mama mkwe wangu hajui chochote kuhusu ugonjwa huu. Wanaojua ni mume wangu na dada yangu tu. Kule mwanamke akionekana amenyoa kichwa, swali la kwanza ni nani amefariki. Nikifika na kipara nitawaambia nini?

Nimeanza kutafuta njia. Binti wa mjomba wangu anayeishi Uingereza ameniambia huko wagonjwa wanavalishwa kofia ya baridi na nywele zinabaki. Mteja wangu mmoja kasema si lazima niende Uingereza, nichukue barafu ya friji niifunge kichwani kwa kitambaa wakati dripu inaingia. Mwingine ameniletea mafuta ya nyonyo aliyochanganya na maji ya vitunguu, pamoja na unga wa mizizi wa kunywa asubuhi na jioni, vyote shilingi elfu arobaini. Binti ninayemfundisha kazi anasema ninunue vidonge vya vitamini vya nywele. Na mimi mwenyewe nimewaza nimwombe daktari asogeze dripu hadi Januari, Krismasi ipite kwanza. Ni miezi miwili tu.

Shangazi, niambie ukweli. Nywele zangu zinaweza kuokolewa? Na nikisogeza hiyo tarehe kuna ubaya gani?

Msusi wa Majengo, Moshi

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa yote uliyoyabeba tangu mwezi wa nane, tena ukiyabeba karibu peke yako.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lenye tarehe. Usisogeze dripu. Upasuaji umetoa uvimbe uliokuwa unaonekana. Dripu zinakwenda kutafuta chembe za saratani ambazo huenda zilishatoka kwenye titi kabla ya upasuaji, ndogo mno kuonekana kwenye kipimo chochote cha picha. Ukizipa miezi miwili umezipa nafasi ya kuota mahali pengine. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu saratani za aina saba, ya titi ikiwemo. Ulionyesha kwamba kila wiki nne za kuchelewa kwa tiba zinaambatana na ongezeko la hatari ya kufa, kati ya asilimia 6 na 13 kutegemea aina ya tiba. Kutoka mwanzo wa Novemba hadi Krismasi ipite na watu washuke mjini, unazungumzia wiki nane mpaka kumi. Na nywele zenyewe hutakuwa umeziokoa. Dripu ya Januari itazitoa Februari.

Sasa tuipige kalenda, kwa sababu nadhani ikikaa mbele yako itakupa nguvu. Ukianza wiki ya kwanza ya Novemba, nywele zitaanza kunyonyoka kati ya wiki ya pili na ya tatu baada ya dripu hiyo ya kwanza, yaani kuelekea mwisho wa Novemba. Dripu nane kila wiki tatu, zikienda bila kukatizwa, zinaisha mwishoni mwa Machi au siku za mwanzo za Aprili. Baada ya dripu ya mwisho, watu wengi wanaona manyoya laini yakiota ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. Krismasi ya mwakani utapanda Rombo ukiwa na nywele zako mwenyewe, za kama sentimita tano hivi. Huenda zikaota laini kuliko za zamani, au rangi ikawa tofauti kidogo kwa muda. Hilo ni kawaida.

Swali la kwanza linahitaji maelezo zaidi. Dawa za kemo, yaani hizo dripu zako, zinashambulia chembe zinazojigawa haraka, na hazina macho ya kutofautisha chembe ya saratani na mzizi wa nywele. Mizizi ya nywele ni katika sehemu zinazojigawa haraka kabisa mwilini, na kwa wakati wowote nywele nane au tisa kati ya kila kumi za kichwani ziko kwenye hatua ya kukua. Ndiyo maana zinaondoka kwa wingi na kwa pamoja. Ile nyekundu uliyoitaja kwa kawaida ni doksorubisini (itafanya mkojo uwe mwekundu siku ya kwanza au ya pili, usishtuke, si damu), na mara nyingi hutolewa pamoja na saiklofosfamidi. Dripu nne zinazofuata mara nyingi huwa paklitakseli au ndugu yake. Zote hizi ni miongoni mwa dawa zinazotoa nywele kuliko nyingine. Nesi wako hakukutisha, alikuheshimu akakwambia kweli.

Nikiwa hapo, kuna maneno mawili utayasikia kwenye benchi la kliniki. La kwanza, kwamba nywele zisipotoka dawa haifanyi kazi. Si kweli. Kutoka kwa nywele hakupimi chochote kuhusu saratani. La pili, kwamba mionzi ndiyo inayotoa nywele za kichwani. Mionzi hutoa nywele za mahali inapopigwa tu. Ukija kupangiwa mionzi ya kifua, kichwa chako hakitaguswa.

Kofia ya baridi aliyokueleza binti mjomba ipo kweli. Baridi inabana mishipa midogo ya damu kwenye ngozi ya kichwa, dawa inayofika kwenye mizizi inapungua, na mizizi yenyewe inapoa na kupunguza kasi ya kazi yake. Mashine inayozungusha kimiminika baridi ndani ya kofia inashusha joto la ngozi ya kichwa hadi nyuzi 20 hivi. Mgonjwa anavalishwa nusu saa kabla ya dripu, anakaa nayo muda wote dawa inapoingia, kisha anaendelea nayo saa moja na nusu au zaidi baada ya dripu kuisha. Mashine ya kampuni ya Paxman ya Huddersfield, Uingereza, ilianzishwa miaka ya 1990 na familia iliyokuwa kwenye biashara ya mitambo ya kupozea bia, baada ya mama wa familia hiyo kupoteza nywele kwenye tiba ya saratani ya titi. Marekani iliruhusu mashine ya kwanza, DigniCap ya Sweden, Desemba 2015.

Mwaka 2017 majaribio mawili ya Marekani kwa wanawake wenye saratani ya titi yalitangazwa pamoja. Katika moja, karibu nusu ya waliovaa kofia walibaki na nywele. Katika la pili, karibu theluthi mbili. Wasiovaa, hakuna hata mmoja aliyebaki nazo. Ila soma vizuri maana ya "kubaki na nywele" kwenye tafiti hizi: ni kupoteza chini ya nusu ya nywele za kichwani. Na kwa dawa za kundi la ile nyekundu matokeo yalikuwa chini sana kuliko kwa kundi la paklitakseli.

Kuna jambo lingine, na wewe kama msusi utalielewa kuliko mtu yeyote. Ili kofia ifanye kazi lazima iguse ngozi ya kichwa. Nywele zetu za asili, nzito na zilizojikunja, zinainyanyua kofia, na hewa inayobaki katikati inazuia baridi isifike. Utafiti mmoja mdogo wa Marekani uliowahusu wanawake weusi ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu karibu wote walipoteza nywele. Baada ya hapo wataalamu wameanza kuhimiza nywele zilowanishwe, zipakwe kondishena, kisha zigawanywe kwa mistari na kusokotwa kwa ulegevu ili ngozi ibaki wazi kati ya mstari na mstari. Ni kazi ya mikono ya msusi kabisa, na ninaamini siku moja wasusi wa kwetu watakuwa ndio walimu wa jambo hili.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya dripu ya kwanza, waulize kwenye kitengo chako kama wana mashine ya kupoza kichwa na kama kwa aina ya saratani yako na dawa zako wanaishauri. Mashine hizi zimeenea zaidi Ulaya na Marekani na gharama yake ni kubwa. Zipo pia hali ambazo hazifai, kwa mfano saratani za damu, au mtu ambaye mwili wake unapambana vibaya na baridi. Wakisema ipo, jaribu. Wakisema haipo, usiuze cherehani wala usikope kwenye kikoba ili uifuate nje ya nchi. Pesa hiyo ikulishe na ikufikishe kliniki kila tarehe yako.

Barafu ya friji achana nayo. Barafu inayogusa ngozi moja kwa moja inaunguza sawasawa na moto, inapoza kisogo ikaacha utosi, na inayeyuka kabla dripu haijafika nusu. Wagonjwa wanaotumia kofia za barafu za kubadilisha kwa mkono huko nje hutumia kofia maalumu zilizogandishwa kwa baridi kali kuliko friji ya nyumbani, na mtu aliyefundishwa huzibadilisha kila dakika ishirini au thelathini. Mfuko wa barafu na kitambaa hautakupa chochote zaidi ya kidonda kichwani wakati kinga yako iko chini.

Mafuta ya nyonyo hayana ugomvi na mtu. Yanalainisha ngozi, na kichwa kikiwa kipara kitakauka na kuwasha, kwa hiyo ukiyapaka kidogo yakiwa matupu si mbaya. Lakini hakuna mafuta yanayofika kwenye mzizi yakazuia dawa inayokuja kwa njia ya damu. Maji ya vitunguu yatakuwasha tu, ngozi ya kichwa kipindi hicho inauma hata ikiguswa na mto. Ninachokikataa kabisa ni ule unga wa kunywa. Ini lako ndilo litakalokuwa linachakata dawa za dripu, na mizizi ambayo hujui ni ya mti gani inaweza kuongeza nguvu ya dawa hadi ikawa sumu, au ikaipunguza hadi isifanye kazi. Kama umeshaanza kuunywa, acha, na umwambie daktari wako wiki hii hii. Hatakugombeza, na kama akikugombeza, bado ni lazima ajue. Mrudishie mteja unga wake kwa adabu na elfu arobaini yako ibaki mfukoni.

Vidonge vya vitamini vya nywele vingi vina biotini kwa wingi. Haizuii nywele za kemo kutoka, na inaweza kuvuruga majibu ya baadhi ya vipimo vya damu. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu hilo, na wewe utapimwa damu kabla ya kila dripu. Ipo pia minoksidili ya kupaka, inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Ilijaribiwa kwa wanawake wenye saratani ya titi zamani, miaka ya 1990. Haikuzuia nywele kutoka, ila kwa waliopaka ziliwahi kuota tena, kwa tofauti ya siku kama hamsini. Muulize daktari kuhusu hiyo, na kama akikubali, ianze kwa maelekezo yake.

Umeona basi kwamba jibu langu la kweli ni hili: uwezekano mkubwa nywele zitatoka. Sitakwambia "ni nywele tu", na usikubali mtu yeyote akwambie hivyo. Lakini namna zitakavyotoka iko mikononi mwako, na hapo ndipo nataka tukae zaidi.

Usisubiri zikuanguke kwenye mto. Zikate wewe kabla ya dripu ya kwanza, zikiwa nzima na nzuri, kwa siku uliyoichagua. Fumua kila ulichosuka, usiweke rasta wala wivingi wala gundi, usipake dawa ya kulainisha wala rangi. Zioshe, zikaushe kwa hewa, zifunge mafungu mafungu kwa uzi, kisha ukate kati ya uzi na ngozi ya kichwa. Hayo mafungu yahifadhi. Wewe unajua kushona wigi kwenye kofia ya neti, na sioni kwa nini ununue nywele za plastiki wakati unazo za miaka sita. Ndani ya neti shonea kitambaa cha pamba laini, kwa sababu joto la Moshi la Januari na Februari na neti inayokwaruza kichwa kipara haviendi pamoja. Ikiwa utanunua wigi ya plastiki kwa ajili ya kubadilisha, ivue kabla ya kushika draya au kuinama kwenye jiko. Zile zinayeyuka.

Zinazobaki kichwani zipunguze kwa mashine, ziwe fupi sana. Wembe usiguse kichwa chako mpaka dripu ziishe. Kemo inashusha chembe za damu zinazopigana na wadudu na zile zinazogandisha damu, na mkato mdogo wa wembe unaweza kuwa mlango wa maambukizi. Hata ile mashine ya kinyozi inayopita vichwa vya mtaa mzima usiiamini. Kwenye saluni yako nadhani unayo moja; itenge iwe yako na uisafishe kwa spiriti kila mara. Na kama mume wako anaweza kushika mashine, mwachie yeye akunyoe. Watoto wawepo, waambiwe mapema kwa nini mama ananyoa, kwa maneno yao. Mtoto akikuta kipara asubuhi bila kuambiwa atajijazia sababu zake.

Usiku kichwa kitapata baridi kuliko unavyofikiria. Lala na kofia laini ya pamba. Mchana usitoke kichwa wazi juani. Vilemba vya kanga na kitenge cha pamba vinashika vizuri kuliko skafu za hariri zinazoteleza kwenye kipara. Nyusi na kope nazo zinaweza kutoka, mara nyingi baadaye kuliko za kichwa. Wanja wa nyusi unaujua wewe kuliko mimi, ila kope za kubandika ziache kwa kipindi hiki, gundi yake karibu na jicho si salama. Piko nayo usipake, iwe kichwani au kwenye nyusi.

Kuhusu wateja, nafikiri unawaogopa bure, ingawa najua hofu haiondoki kwa kuambiwa hivyo. Wanaokuja kwako wanafuata mikono. Hiyo mikono ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko kichwa. Umetolewa tezi za kwapani upande wa kushoto, na mkono huo sasa unaweza kuvimba ukichoka au ukipata jeraha au ukiungua. Kazi ya kuchovya ncha za rasta kwenye maji yanayochemka mwachie binti unayemfundisha. Draya ya moto na kuunguza ncha kwa kiberiti, vilevile. Dawa ya kulainisha nywele mpakaji awe yeye, na ukiwa karibu dirisha liwe wazi. Usisuke mtu mwenye mafua wala mapunye. Suka kichwa kimoja, pumzika, nyosha mkono juu kama walivyokufundisha kwenye mazoezi. Na zikifika zile dripu nne za mwisho, ukianza kuhisi ncha za vidole zinachonyota au zinakufa ganzi, mwambie daktari kabla ya dripu inayofuata, usingoje ushindwe kushika uzi. Wanaweza kupunguza kipimo au kubadilisha mpangilio. Ganzi hiyo ikiachwa inaweza kukaa muda mrefu, na kwa msusi hilo ni kubwa kuliko kipara.

Krismasi sasa. Kwanza muulize daktari kama unaweza kusafiri tarehe hizo, kwa sababu dripu yako ya tatu itaangukia katikati ya Desemba na ya nne siku za mwanzo za Januari, na sikukuu inakaa palepale ambapo kinga inakuwa imeshuka. Akikuruhusu, mama mkwe asikione kichwa kabla hajasikia habari. Umesema mwenyewe kipara kule kinasomwa kama msiba, basi mtu asiachiwe akisome peke yake. Mume wako apande Rombo mapema, hata mwishoni mwa Novemba, akae na mama yake wawili, amweleze ugonjwa, upasuaji, na kwamba nywele zimetolewa na dawa, siyo na ugonjwa, na zitaota. Hili ni la kusemwa na mtoto kwa mama yake, lisipelekwe na wewe wala lisipitie kwa wifi. Akishajua yeye, wengine watajibiwa na yeye, na mama wa Kirombo akisimama mlangoni kumtetea mkwewe sidhani kama kuna wa kumvuka. Amwombe pia jambo moja: usikalishwe kwenye moshi wa jiko la kuni wala usipewe watoto wanaokohoa uwabebe. Utakaa, utakula chakula kilichoiva vizuri na cha moto, utafunga kilemba unachokipenda, basi.

La mwisho ni hili, lifanyie kazi leo kabla ya mambo yote ya nywele. Nunua kipimajoto. Kuanzia siku ya saba hivi mpaka ya kumi na nne baada ya kila dripu, kinga inakuwa chini kabisa. Ukipima ukakuta nyuzi 38 au zaidi, au ukatetemeka kwa baridi, hata kama ni saa nane usiku, nenda hospitali palepale na useme mlangoni, "Niko kwenye kemo na nina homa." Usimeze panadoli kwanza ukasubiri asubuhi. Chukua namba ya simu ya kitengo chako, mpe mume wako, mpe dada yako, na moja ibandike ukutani saluni, mahali ambapo yule binti ataiona.